Miezi saba nikilaumu kila kitu ila mafuta ya twita

Spika mbili za Ami zilinifikia Temeke kwa boti, kila moja imevikwa kanga ya Mama Mkubwa na kufungwa kamba ya manila mara nne. Mchukuzi wa bandarini alidai elfu kumi kwa zote mbili, akasema hizi si spika, ni mafriji. Nikamlipa. Pamoja nazo ilikuja amplifaya yake, ile ya uso wa alumini yenye mishale miwili inayocheza, na nobu ya trebo, ile ya kuongeza sauti nyembamba, ilikuwa imezungushwa kulia mpaka mwisho. Nikadhani imegongwa njiani. Nikairudisha katikati, nikawasha.

Ami alizinunua Muscat mwaka 1986 alipokuwa akifanya kazi huko, akarudi nazo Unguja, zikakaa sebuleni kwake Ng'ambo hadi alipofariki. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuzigusa. Kwa hiyo usiku ule wa kwanza nilipoweka taarabu ya kale, ile ambayo kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, huanza peke yake kabla fidla hazijaingia, nilikaa sakafuni nikisubiri kurudishwa utotoni.

Kanuni ilisikika kama inapigwa chini ya blanketi. Nyuzi zake zilikuwa zinaguswa lakini hazing'ati. Tena mwimbaji alikuwa amesogea upande wa kulia, kama mtu aliyempisha mgeni kwenye kochi.

Hapo nikamkumbuka Ami mwenyewe. Miaka yake ya mwisho alikuwa na lalamiko moja. Kila tukienda kumsalimia akiweka kanda zake, alisema, "Kanuni wameizima." Tulicheka. Binti yake alimpeleka kupimwa masikio, akaambiwa yamepungua kama ya mzee yeyote aliyevuka sabini, na mjadala ukaishia hapo. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ami, kanuni ipo, masikio ndiyo yamestaafu." Alinitazama tu, akaendelea kumenya chungwa lake.

Naandika haya kwa sababu najua zipo spika nyingi za umri ule majumbani kwetu, za urithi, za mtumba, zilizokuja na kontena, na wenyewe wanaamini zimechoka au wao ndio wamechoka. Nilipoteza miezi saba na fedha ambazo ningeweza kuzifanyia jambo la maana. Nitazitaja moja moja.

Nilianza na waya. Muuzaji mmoja Kariakoo alinishawishi kwamba waya za zamani "zinakula sauti", nikanunua mita sita za waya mnene kwa shilingi 45,000. Hakuna kilichobadilika. Kisha nikaipeleka amplifaya kwa fundi, akasafisha nobu na swichi zote kwa dawa ya kupuliza, 30,000. Ikawa safi kweli, haikwaruzi tena ukiongeza sauti, lakini kanuni ilibaki chini ya blanketi.

Kosa langu hapo ni kwamba kuna kipimo cha bure ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Zima amplifaya, nyuma yake hamisha waya wa spika ya kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, kisha washa. Ukungu wa sauti ukihamia kwenye boksi la pili, tatizo liko kwenye amplifaya au nyuma yake zaidi. Ukibaki kwenye boksi lilelile, liko ndani ya boksi au kwenye waya wake. Mimi nilikifanya mwezi wa tatu, baada ya kulipa. Ukungu haukuhama, na waya zilikuwa mpya.

Ndani ya boksi, mshukiwa aliyefuata ni krosova, ule ubao mdogo unaogawa sauti nzito ziende kwenye wufa, ile spika kubwa, na nyembamba ziende kwenye twita, ile ndogo. Kapasita zake, vile vipande vya kuhifadhi umeme kidogo, za aina ile ya zamani hukauka, hilo ni kweli, na sijutii kuzibadilisha. Nilitumia 62,000. Kwa wiki mbili nilijiaminisha kwamba kanuni imerudi. Ukishalipa, sikio hukutetea. Mdogo wangu alipokuja Jumapili akaniuliza mbona spika moja imelala, ndipo nikakubali.

Fundi wa pili alizitoa twita, akagusa ncha za mita kwenye nyaya. Moja ilisoma omu 5.8 za ukinzani wa umeme, nyingine 5.9. "Twita nzima hizi, bosi," akasema, na kwa kipimo chake alikuwa sahihi, maana twita ya omu 8 husoma karibu na 6 kwenye mita. Ila kipimo kile huonyesha tu kwamba waya haujakatika. Hakisemi kama koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, inaweza kutembea. Ni sawa na kumpima mapigo ya moyo mtu aliyefungwa kamba miguu, ukasema yuko tayari kwa mbio.

Dalili iliyonifungua macho niliipata kwa bahati, siku ya harusi ya jirani. Walikuja kuniomba muziki, nikapiga kwa sauti ya juu saa nzima na zaidi. Nilipopunguza jioni na kuweka taarabu yangu, kanuni ilikuwa imejitokeza kidogo. Si sana, lakini nilisikia kucha ya mpigaji kwenye uzi. Asubuhi ikawa imepotea tena. Kitu gani ndani ya spika kinakuwa kizito kikipoa na chepesi kikipata moto? Mtoto wa mtaani aliyewahi kukaanga vitumbua anajua jibu: mafuta.

Na kweli ndani ya twita nyingi za miaka ile kuna mafuta. Huitwa ferofluidi. Asili yake si muziki. Mwaka 1963 mhandisi wa NASA aitwaye Steve Papell alikuwa akitafuta namna ya kuyaongoza mafuta ya roketi kwa sumaku mahali pasipo na uzito, akachanganya ndani yake chembe za madini ya magnetaiti zilizosagwa mno. Chembe hizo ni za nanomita 10 hivi, ndogo kuliko upana wa unywele kwa maelfu ya mara, na kila moja imevikwa koti la kemikali linalozizuia zisigandamane. Ukiyasogezea sumaku, majimaji yenyewe yanaifuata. Kuanzia miaka ya 1970 watengenezaji wa spika wakaanza kuyatumia.

Kwenye twita yana kazi mbili kubwa. Nyuma ya ile kuba ndogo ya hariri kuna koili ya waya mwembamba kama uzi, inayoning'inia kwenye mwanya wa duara ndani ya sumaku. Umeme unaoingia humo, hata asilimia 1 yake haigeuki sauti. Karibu wote ni joto. Shaba ikipanda joto kwa nyuzi 100, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 40, sauti inashuka, na ikizidi koili inaungua. Hewa ni mbebaji mbaya wa joto. Mafuta yaliyojaza mwanya huliondoa joto hilo upesi na kulipeleka kwenye chuma cha sumaku. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni kuituliza kuba isiendelee kutetemeka baada ya pigo, kama mpiga ngoma anavyoweka kiganja juu ya ngozi.

Kwenye kazi hii ya pili ndipo uzee unapoingilia. Mafuta yenyewe hugeuka mvuke kidogo kidogo na kuungana na oksijeni, koti la chembe huchakaa, chembe hushikana. Bandu bandu. Kilichokuwa chepesi kinakuwa sharubati, kisha grisi, mwisho lami. Kiganja kilichokuwa kinatuliza ngoma sasa kinaikandamiza. Joto huharakisha yote haya, na sebule ya Ami haikuwa na kiyoyozi. Spika ya kushoto ilikaa chini ya dirisha la magharibi. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu jua la alasiri ndilo lililopausha boksi lake upande mmoja.

Sauti haipungui sawasawa. Inayoumia zaidi ni sehemu ya chini ya kazi ya twita, kama kilohezi 2 hadi 5 (mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde), pale penye konsonanti za maneno na mguso wa nyuzi. Sauti za juu kabisa zinaweza kubaki, ndiyo maana mtu husikia "tsss" ya matoazi akaamini twita iko salama. Na kwa sababu mambo haya huja kwa miaka, mwenye spika hazinduki. Anazoea, au anageuza nobu.

Kabla ya kufungua nilitaka ushahidi, nilishachoka kubahatisha. Nilipiga mlio wa kilohezi 3 kwa kila spika peke yake, simu imewekwa umbali uleule kwa kupima na rula, programu ya kupima sauti ikiwa wazi. Kushoto ilikuwa chini kwa desibeli 5. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha mbili zilizo chumba kimoja inatosha. Mwenye kompyuta anaweza kwenda mbali zaidi: kwa programu ya bure iitwayo REW na rezista moja ya omu 100 unaweza kuchora ukinzani wa twita kwa kila masafa ya sauti. Twita yenye mafuta mazima huonyesha kilima kifupi cha mviringo karibu na kilohezi 1. Isiyo na mafuta kabisa huchora mlima mkali. Ya kulia ilikuwa na kilima kilichobonyea. Ya kushoto ilikuwa tambarare, kama uwanja wa mpira.

Mafuta yenyewe sikuyapata Dar. Niliagiza nje kichupa kidogo kuliko cha wanja, pamoja na posta 118,000, nikasubiri wiki tano. Hapa angalia: yanauzwa kwa viwango tofauti vya uzito wa kutiririka, na mbunifu wa twita alichagua kimoja kwa makusudi. Uliza kile kinachofaa kwa twita ya aina yako, usichukue chochote chenye jina la ferofluidi. Kile cha maonyesho ya shuleni, kinachosimama miiba miiba juu ya sumaku, si cha kazi hii. Wakati nasubiri, fundi mmoja alinishauri niweke mafuta ya cherehani. Mafuta ya cherehani hayashikwi na sumaku. Yatashuka, yatalowesha kuba, na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Wapo pia watakaokwambia tupa, nunua twita mpya. Ukiipata ileile, sawa. Lakini twita nyingine yenye tundu za skrubu zinazolingana haimaanishi inaelewana na krosova yako. Ile krosova ilipimwa kwa twita ile na mafuta yale. Kwa sababu hiyohiyo usiisafishe ukaiacha kavu. Itapiga, tena kwa shangwe, itakupigia kelele usoni na kuungua siku ya sherehe.

Siku ya kazi nilitandika kitambaa cheupe mezani nikione kila kitu vizuri. Kosa. Ferofluidi haitoki kwenye nguo. Haitoki. Mke wangu ameyakubali mengi katika ndoa hii, kitambaa kile bado.

Nilianza na ya kushoto kwa sababu ilikuwa imeshakufa, na huo ndio uamuzi pekee wa busara nilioufanya siku hiyo. Nilichora alama ya penseli kwenye bamba la mbele na kwenye sumaku ili nikirudisha vikutane palepale, nikaandika upande wa waya wa chanya. Kisha nikashika bisibisi kizembe. Ncha ilipokaribia skrubu ya tatu sumaku iliinyakua, ikatua katikati ya kuba. Kuba ikabonyea kama chungwa lililokaliwa. Kwa kuwa ni hariri, niliibandikia selotepu kwa wepesi nikaivuta, ikarudi, ikabaki na kikunjo kimoja ambacho hakisikiki. Ingekuwa ya alumini ningekuwa nimemaliza. Funika kuba kwa kikombe cha plastiki kabla hujaleta chuma chochote karibu.

Nilipoliinua bamba, koili iligoma. Nikavuta sawasawa pande zote, ikaachia polepole, kama kijiko kinachotoka kwenye asali iliyoganda. Ndani ya mwanya hapakuwa na majimaji. Palikuwa na kitu cheusi kilichokauka kando kando na kunata katikati, ukikigusa na njiti kinavutika kuwa uzi. Nilikaa nikikiangalia. Huyu ndiye aliyekuwa ameizima kanuni.

Kuusafisha mwanya kunataka subira. Nilikata karatasi za kuchujia kahawa vipande vya upana wa sentimita moja, nikaviingiza, nikazungusha, nikavitoa vyeusi, nikatupa. Vipande arubaini na kitu. Sumaku inazing'ang'ania zile chembe, kwa hiyo usitegemee kuosha; ni kufyonza na kufuta tu, mpaka karatasi itoke nyeupe. Mwisho nilibandika tepu ya karatasi kwenye kipande cha kadi nyembamba, gundi ikiwa nje, nikapitisha kuzoa vumbi la chuma.

Koili ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, nikachovya pamba nikafuta. Uchafu ulitoka haraka mno, nikafurahi. Baada ya dakika moja nikaona mizunguko miwili ya waya imelegea na kunyanyuka. Asetoni ilikuwa imelainisha gundi inayoushikilia waya. Nilihisi baridi tumboni. Sikulala vizuri usiku ule. Nilijiona mtu aliyekabidhiwa kitu kilichotunzwa miaka thelathini na sita akakiua kwa siku moja na dawa ya kucha.

Aliyeniokoa ni fundi mzee wa kusuka mota za feni, mtu ambaye hana habari na muziki kabisa. Aliupanga waya kwa ncha ya kijiti, akapaka gundi ya epoksi nyembamba kwa sindano, akaiacha chini ya taa siku nzima. Alinitoza 20,000 na somo: "Kijana, waya mwembamba haufutwi kwa hasira." Twita ya kulia niliifuta kwa spiriti kidogo na pamba ya masikio, nusu saa, na hakuna kilicholegea.

Kuhusu kipimo cha kujaza, chombo bora nilikipata duka la dawa kwa shilingi 500: bomba la insulini. Uniti 100 ni mililita moja, kwa hiyo unaweza kupima tone. Mara ya kwanza nilitia uniti 15, nikadhani kuzidi si vibaya. Niliporudisha koili, ziada ilipanda, ikaacha doa jeusi pembeni mwa kuba ambalo lipo mpaka leo. Nikafyonza, nikaanza upya na uniti 8, yaani mililita 0.08, mbili kila robo ya duara. Hiyo ni ya twita hii; yako ikiwa na mwanya mpana zaidi itataka zaidi. Jambo la kupendeza ni kuona tone likiachia sindano na kukimbia lenyewe kuuzunguka mwanya, kama panya aliyeona tundu lake. Kama karatasi ya kwanza uliyoingiza kwenye mwanya ilitoka safi, bila weusi wowote, simama: twita yako haikuwahi kuwa na mafuta, usiyatie.

Baada ya kufunga, tofauti ya kushoto na kulia pale kwenye kilohezi 3 ilikuwa chini ya desibeli moja. Na zote mbili zilikuwa zimepanda. Ile ya kulia niliyoiita nzima miezi yote ile ilikuwa nayo imezeeka, tena ilipanda kama desibeli 2. Kwa hiyo usifanye moja ukaiacha nyingine.

Siku mbili za kwanza niliona sauti inachoma. Nilikuwa nimezoea blanketi. Hesabu ya yote: 137,000 nilizitupa kwa waya, fundi na kapasita, na 145,000 hivi ndizo zilizofanya kazi, ukijumlisha mafuta, fundi wa mota, karatasi za kahawa na mabomba mawili ya insulini.

Mama Mkubwa alikuja Dar mwezi uliofuata kwa kliniki yake ya macho. Nilimwekea kanda ileile. Alisikiliza akiwa amejiegemeza, mikono mapajani, na kanuni ilipomaliza ule mwanzo wake akaniuliza nimenunua spika mpya kwa kiasi gani. Nikamwambia ni zilezile. Hakuniamini hadi alipoinuka akaona lile boksi lililopauka.

Kisha akainama mbele ya amplifaya, akaweka kidole kwenye nobu ya trebo.

"Hii mbona umeishusha? Yeye alikuwa akiiweka huku," akasema, akaonyesha kulia, mwisho kabisa.